Mtumwa Wako Mtii

Mwanangu Zaina alinisomea mwaliko nikiwa nimekaa jikoni kwake, Sugar Land, mbele ya bakuli la uji wa ulezi. Watoto wa Anselmi walikuwa wanamfanyia baba yao sherehe ya kutimiza miaka themanini na sita, ukumbini, Fort Worth, Jumamosi mchana, na walitaka wazee waliomfahamu ujanani wafike. "Baba, wanasema waliokuwa naye kazini enzi hizo umebaki wewe tu," Zaina aliniambia. "Ukikubali, nita-drive mimi. Wewe u-relax tu." Nilimjibu kwamba nimesikia. Sikumwambia kwamba kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa furaha ya kumwona rafiki. Nilikumbuka kwamba mimi nilipotimiza umri huohuo, miezi mitatu nyuma, tulikula pilau hapahapa jikoni tukiwa watu saba, na mjukuu wangu mmoja alikuwa na headphones masikioni kutoka mwanzo mpaka mwisho. Anselmi anakodishiwa ukumbi! Mimi ni mzee anayeswali kwa kukaa kwenye kiti, nilipaswa niwe nimeshamalizana na mambo haya zamani, lakini roho iliniuma vilevile ilivyoniuma tulipokuwa vijana wa miaka ishirini, makarani wawili wa boma moja, tukikaa chumba kimoja. Watu wa siku hizi wanaiita roho ya korosho. Basi ninayo, na nimevuka nayo bahari.

Kutoka Sugar Land mpaka Fort Worth ni mwendo wa saa nne na ushee ukiacha kusimama, na barabara ile haina la kukuliwaza: malori, mabango ya wanasheria, vituo vya mafuta vikubwa kama soko. Zaina ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi ileile, na alikuwa anaongea ili asisinzie. Akaniomba nimsimulie tena ile hadithi ya Anselmi na Bwana DC, maana anaipenda, na kila Mtanzania wa Texas aliyewahi kukaa meza moja na watoto wa Anselmi anaijua. Nikamwambia nimechoka. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo na kuurudia mwaka ule mwenyewe, kimyakimya, kama nilivyofanya mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kuonekana mtu mwema. Wazazi wangu na ukoo wangu siwataji hapa, hawahusiki. Mwaka ule ulikuwa wangu na Anselmi na neno moja.

Wajukuu wakiniuliza Mwingereza alitutawalaje, wanategemea niwasimulie bunduki. Bunduki zilikuwepo, zimefungwa kwa mnyororo kwenye chumba cha askari, lakini mwaka mzima niliokaa na Anselmi pale boma nilisikia moja ikilia mara moja tu, siku alipopigwa mbwa mwenye kichaa. Tulitawaliwa kwa karatasi. Wilaya yetu, kule magharibi mwa Tanganyika, mtu wa baiskeli asingeimaliza kwa juma zima, na ilikuwa na Wazungu watatu: Bwana DC, msaidizi wake, na bwana shamba ambaye muda mwingi alikuwa mgonjwa. Gavana akiwaza jambo kule Dar es Salaam, wazo linakuwa barua. Barua inakwenda kwa mkuu wa jimbo, naye anaiandika upya kwa maneno yake, inashuka kwa DC wetu, DC anamwandikia mtemi, mtemi anawaita wanangwa wake, ndio wakuu wa vijiji, na mwanangwa anasimama mbele ya mama mwenye jembe begani na kumwambia kwamba mwaka huu kila kaya ipande muhogo, akiba ya njaa. Mama akikataa, anayemshtaki ni mwanangwa na anayemhukumu ni mtemi. DC hayumo. Kazi ya DC, kwa mujibu wa mafaili, ilikuwa kumshauri mtemi. Mimi ndiye niliyekuwa nayapanga mafaili hayo, nikajifunza lugha yake haraka kuliko nilivyojifunza Kiingereza cha shuleni. "Nitafurahi kama" maana yake fanya leo. "Sina budi kukukumbusha" maana yake umeshachelewa. "Tafadhali eleza" maana yake anza kufungasha. Ilikuwa serikali yenye adabu nyingi sana, na kila barua, hata ya kumfukuza mtu kazi, ilimalizika kwa maneno yaleyale ya Kiingereza: I have the honour to be, Sir, your obedient servant. Hakuna aliyeyasoma. Yalikuwa kama muhuri.

Chumba cha makarani kilikuwa na meza tatu, dirisha la wavu, na kabati lenye harufu ya gundi na mavi ya popo. Meza ya mbele ilikuwa ya karani mkuu, Mgoa mmoja tuliyemwita Bwana Minu, ambaye kila karatasi ilipita chini ya miwani yake kabla ya kwenda kusainiwa. Meza ya pili ilikuwa yangu, ndipo palipokaa mashine ya kuchapa, na ya tatu ya Anselmi. Upande wa pili wa ukuta alikaa DC, na kwenye veranda yake kulikuwa na kiti kimoja kikubwa cha mninga chenye mikono. Kiti kile kilipandishwa kwenye lori kila alipokwenda kufanya baraza, maana katika wilaya nzima hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukalia kiti chenye mikono mbele ya umati. Mtemi alikalia kigoda chake, wanangwa benchi, watu chini. Pembeni ya kile kiti alisimama mkalimani. DC wetu wa mwaka ule alihamishwa kwetu kutoka Afrika ya Magharibi, ambako kazi yake ilikwisha walipopata uhuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Alihitaji mdomo. Mimi nilitaka kuwa mdomo huo kuliko nilivyotaka kuoa.

Alitupima sote wawili siku moja, kwa mzee aliyekuja kulalamikia mpaka wa shamba. Mzee alisema maneno mengi, akazunguka, akarudi, akamtaja marehemu baba yake. Mimi nilitafsiri yote, sentensi kwa sentensi, kwa Kiingereza kilichonyooka, na nilipomaliza DC alikuwa anatazama saa yake. Akaitwa Anselmi. Anselmi alimsikiliza mzee mpaka mwisho bila kuandika chochote, kisha akasema kwa ile sauti yake nzito ya kwaya ya misheni: "Anasema jirani yake alisogeza mawe ya mpaka siku ambayo yeye alikuwa anamzika mwanawe." DC akaweka kalamu chini. Tangu siku ile Anselmi akawa anasimama pembeni ya kiti, na saa nne asubuhi akiletewa chai kwenye kikombe cha udongo mweupe chenye sahani, humo humo verandani, huku mimi nikinywa yangu kwenye kikombe cha bati na Bwana Minu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilisikia kijiko chake kikigonga kikombe. Kuna siku nilihesabu milio hiyo badala ya kuchapa, mpaka Bwana Minu akaniuliza kama naumwa.

Na bado nilikula naye. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya boma, chenye vitanda viwili vya kamba na sanduku moja la mbao lililokuwa meza, na mchana tulipikiana kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ugali na mlenda, basi. Zamu yake alipika kisamvu cha karanga, akatia na asali kidogo, kitu ambacho sijaona mtu mwingine akifanya, na kilikuwa kitamu kiasi kwamba nilikuwa nakasirika huku natafuna. Tukila alinisimulia aliyoyasikia verandani, akimwiga DC kwa kubana pua. "Rajabu, leo amemwambia msaidizi wake, hawa tunawafungia mizigo tu sasa, miaka michache tunaondoka." Siku nyingine akaleta kubwa zaidi: serikali inataka kumpeleka karani mmoja wa wilaya yetu kusoma mambo ya utawala, ili Mzungu akiondoka awepo wa kukalia nafasi, na DC amesema atamtaja mkalimani wake. Alinieleza hivyo akiwa ananiongezea kisamvu. "Nikirudi nitakuja kukufukuza kazi," akanitania, akacheka kile kicheko chake cha kurusha kichwa nyuma. Nikacheka na mimi. Tonge lilinikwama kooni, nikasingizia mfupa, na kisamvu hakina mfupa.

Sasa neno lenyewe. DC alitoka huko Magharibi na wazo kwamba watemi waandikiwe kwa heshima ileile wanayoandikiwa Wazungu, kwa kuwa siku za kujitawala zinakaribia. Kabla yake, barua za Kiswahili zilimalizika kwa "salamu" tu. Yeye akaamuru zitafsiriwe neno kwa neno, kuanzia juu mpaka chini, pamoja na ule muhuri wa maneno wa mwisho. Barua ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya muhogo. Anselmi aliitafsiri kwa mkono, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza ambao nao niliuonea wivu, akaniletea niichape. Alikuwa anajizuia kucheka. "Hebu sikia mwisho wake," akaninong'oneza, akasoma: "Nina heshima, Bwana, ya kuwa mtumishi wako mtii. Yaani DC ni mtumishi wa mtemi! Na amesema nisiondoe neno." Akatoka kwenda kunywa chai. Nikabaki na karatasi na mashine. Kijiko kikaanza kugonga upande wa pili.

Niliandika "mtumwa". Sikukosea, vidole vyangu havikuteleza, ninaandika hapa kama mtu anayeapa. Mtumishi ni mtu mwenye mshahara na likizo. Mtumwa ni jambo jingine, na kwetu kule, kwenye njia ya zamani ya misafara, neno hilo halikuwa la vitabuni. Walikuwepo bado wazee waliojua katika mtaa huu nani ni mjukuu wa aliyenunuliwa na nani ni mjukuu wa aliyeuza, na mtu hakulitamka ovyo. Nilijua Bwana Minu, mwenye Kiswahili cha miaka thelathini, ataliona mara moja. Ataingia kwa DC na karatasi mkononi, atasema mkalimani wako hajui tofauti ya mtumishi na mtumwa, Anselmi atatahayari mbele ya kikombe chake cheupe, na nafasi ya pembeni ya kiti itakuwa yangu, na masomo pia. Rasimu ya Anselmi niliikunja nikaitia mfukoni, na baadaye nikaichoma. Lakini mchana uleule Bwana Minu alipandwa na homa, akapelekwa nyumbani kwa machela. DC akajisainia barua zake mwenyewe, haraka haraka, kabla ya chakula. Tarishi akaibana ile ya mtemi kwenye ufa wa fimbo yake, kama walivyozoea kubeba barua za serikali, akaiinua juu na kuondoka kwa miguu. Nilisimama dirishani nikamtazama akipita ghala, akipita kisima, na ningeweza kumwita. Sikumwita.

Siku nane baadaye tulikwenda kwa mtemi kufanya baraza. Baraza lenyewe lilikuwa jengo refu la matofali mabichi na paa la bati, limejaa watu mpaka nje, na ndani mlikuwa na joto la tanuri. Kiti chenye mikono kikashushwa, DC akakaa, Anselmi akasimama pembeni, na mimi benchi la nyuma na daftari langu la kuandika yaliyosemwa. DC akatoa salamu, akauliza habari ya muhogo. Mtemi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, hakuwahi kuinua sauti kwa sababu kila mtu alinyamaza akifungua mdomo. Akatoa barua kwenye kanzu yake. Akasema: "Bwana, umeniandikia mambo mawili. La kwanza, watu wangu wapande muhogo. La pili, wewe ni mtumwa wangu mtii, na sahihi yako hii hapa. Babu yangu alikuwa na watumwa, na mimi naona haya juu ya jambo hilo mpaka leo. Sikutafuta mtumwa. Lakini wewe umejileta mwenyewe, na kwa maandishi." Akaashiria, mtu mmoja akaleta jembe, akaliweka miguuni pa DC, taratibu, juu ya sakafu ya udongo. "Basi watangulie wenzio. Panda."

Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanamtazama Anselmi, maana DC hakuelewa hata neno moja, alikuwa ameketi anatabasamu akilitazama jembe kama zawadi. Anselmi akaomba barua. Akaisoma mwisho wake. Kisha akainua kichwa akanitazama mimi, moja kwa moja, juu ya vichwa vya watu, kwa muda ambao nimeupima mara nyingi na sijaujua urefu wake. Nikainamia daftari. Nikasikia sauti yake ikianza kutafsiri, nzito, wazi, bila kuruka kitu: babu, haya, maandishi, jembe, panda. Uso wa DC ulipobadilika ndipo kicheko kilipoanzia kwa akina mama mlangoni, kikaingia ndani, kikapanda mpaka kwenye bati, na mwanangwa mmoja mzee alicheka mpaka akashika ukuta. DC akasimama. Akauliza kwa Kiingereza, nani aliandika neno hili. Nilikuwa nimeshainua kalamu yangu, nimeishika hewani. Anselmi akasema, "Mimi, bwana." Halafu, bila kuagizwa, akawatafsiria watu na hilo: "Ameuliza ni nani, nimesema ni mimi." Walimbeba. Niliona viatu vyake vya ngozi vikipita juu ya mabega ya watu kuelekea mlangoni, na mimi nikabaki benchini na wino unaodondoka kwenye suruali.

Barua ya kumfukuza Anselmi niliichapa mimi. Nayo ilimalizika kwa I have the honour to be, Sir, your obedient servant, kwa Kiingereza, maana DC hakutaka tena tafsiri. Anselmi aliipokea, akafunga nguo zake kwenye shuka, akaniachia chungu chake cha kisamvu na chupa ya asali iliyobaki nusu. Hakuniuliza kitu. Nilidhani ananidharau. Mimi nikapewa nilichokitaka: nikasimama pembeni ya kiti, nikanywa chai kwenye kikombe cheupe, na DC hakunitazama usoni hata siku moja. Wazee waliokuja na mashauri yao walinipa maneno matatu manne, wakanyamaza. Kule sokoni waliniita "mdomo wa DC". Ile nafasi ya masomo ikafutwa, kwa barua iliyosema "kwa sasa". Na Anselmi? Mtemi alimchukua siku ileile awe karani wa baraza lake. Vijana wa chama wakawa wanakuja kumwona yule aliyemfanya DC mtumwa. Bendera ilipobadilishwa, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya waliopelekwa ng'ambo, na aliporudi akaletwa palepale bomani kuwa mkuu wa wilaya. Alikalia kiti kilekile cha mninga. Mimi nilikuwa bado napanga mafaili. Hakunifukuza kazi, kama alivyonitania. Alinipandisha cheo mara mbili, na kila Idi aliniletea mbuzi, na laiti angenitukana hata mara moja ningelala vizuri. Kwa sababu kilichoniuma zaidi, miaka yote hii, mpaka watoto wetu walipotuvuta huku Texas mmoja mmoja, hakikuwa kwamba nilimtendea ubaya. Iliniuma kwamba ubaya wangu ulimfanya shujaa, na sikuweza kusema, hapana, lile neno ni langu, bila kusema kwa nini niliandika.

Ukumbi wa Fort Worth ulikuwa na zulia la zambarau na baridi ya viyoyozi. Vijana waliniamkia mlangoni, wengine shikamoo, wengine "hi, Babu", na kulikuwa na kila kitu: ndizi nyama, samaki wa kukaanga, Warundi wawili wanaofanya kazi ghalani na mmoja wa watoto wa mwenye sherehe wakipiga gitaa, na mbele kabisa, kwenye kiti kilichofunikwa kitenge, Anselmi. Kiti kilikuwa na mikono. Nilitazama hilo kwanza. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja mwaka uliopita, na pamoja na upande huo kikamchukulia Kiingereza. Alibaki na Kiswahili, cha polepole, cha sauti ya chini. "Rajabu," akasema, "bado upo?" Nikamjibu, "Nipo, nakusubiri utangulie." Akacheka, kichwa kikajaribu kwenda nyuma kama zamani, kikaishia nusu. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni yake, na watu wakapiga picha.

Keki ililetwa na mjukuu wake, Nyamizi, binti wa chuo kikuu. Juu yake kwa krimu ya buluu walikuwa wameandika: Your Obedient Servant. Mama yake, Consolata, binti mkubwa wa Anselmi, akashika kipaza sauti akaisimulia ile hadithi kwa Kiingereza, mtemi, jembe, "Mimi, bwana", watu wazima wakapiga meza kwa kucheka. Nyamizi hakucheka. "Mama, I'm sorry, kila siku mnacheka and I never get it," akasema. "Obedient servant is just polite. Kwa nini walim-fire?" Consolata akaeleza, akajikuta amerudi palepale, maana kwa Kiingereza neno lilikuwa limekwisha kugeuka tena likawa lile la muhuri. Vijana wakabaki wanatazamana. Ndipo Anselmi akainua mkono wake mzima akanionyesha mimi. "Mwacheni yeye afasiri," akasema. "Alikuwepo. Mimi nitasema, Rajabu anisemee." Zaina akanisukuma begani, "Baba, nenda, uta-enjoy." Wakanipa kipaza sauti. Basi, nikiwa na miaka themanini na sita nikasimama hatimaye pembeni ya kiti kuwa mdomo wa Anselmi.

Aliongea taratibu, akipumzika, na mimi nilikuwa nimeinama ili nimsikie. "Waambie mimi niliandika mtumishi," akasema. "Aliyeandika mtumwa ni wewe. Nilipoisoma pale barazani ndipo nikajua. Nikasema moyoni, kumbe kijana huyu ninayekaa naye chumba kimoja, nikimcheka hajui kupika, ana moyo kuliko mimi. Mimi nilikuwa nalicheka lile jambo chumbani tu. Yeye kaliandika na kulituma." Akavuta pumzi. "DC alipouliza, niliona umeinua kalamu. Ulikuwa unataka kusema ni wewe. Nikakuwahi. Nililiiba, Rajabu. Sikutaka ubebwe wewe. Nilikuonea wivu siku ile, na nimekuonea wivu mpaka leo, kila walipokuwa wananisimulia hadithi yako wakidhani ni yangu. Ndiyo maana ya wale mbuzi."

"What did he say, Babu?" Nyamizi akaniuliza. Ukumbi ulikuwa unanisubiri. Wachache waliokaa karibu na wanaojua Kiswahili walikuwa wameshaanza kunitazama kwa macho mapya, na Zaina alikuwa na mkono mdomoni, anatabasamu, ana fahari na baba yake. Naungama kwamba nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile, si siku ya kuoa wala siku ya kuja Marekani. Anselmi alinionea wivu, mimi! Maisha yangu yote nilikuwa nacho kile nilichokitamani, kimewekwa moyoni mwake, na sikuambiwa. Nilichotakiwa kufanya ni kutafsiri tu, neno kwa neno, bila kuongeza, kama DC alivyoamuru, na kingekuwa changu mpaka kaburini. Ningekuwa nimefanya kazi nzuri ya ukalimani, safari hii.

"Anselmi," nikasema kwa Kiswahili, na nilisahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi. "Niliandika vile ili ufukuzwe. Nilitaka kile kikombe chako. Kalamu niliinua kwa woga tu, sikuwa nasema kitu." Zaina akashusha mkono. Nikageukia vijana, nikawaambia kwa Kiingereza yote mawili, aliyosema yeye na niliyosema mimi, pamoja na maana ya mtumwa na maana ya mtumishi na kwa nini watu wa kwetu hawakulitamka ovyo, na hapo Nyamizi hakuhitaji maelezo zaidi, huku Texas neno hilo linajulikana vizuri. Kijana mmoja nyuma alicheka akidhani ni utani wa wazee.

Anselmi alikuwa ananitazama kama siku ile, moja kwa moja, na safari hii sikuwa na daftari la kuinamia. "Kumbe," akasema. Niliona kitu kikiondoka usoni mwake, na nilijua ni nini, ni ule wivu wake, kwa kuwa dakika moja tu kabla nilikuwa nimekijua kuwa ni changu. Kisha akamwita mjukuu wake. "Nyamizi, kata keki. Babu yako Rajabu mpe kipande chenye neno la mwisho." Binti akakata kwa uangalifu asivunje herufi, akaniwekea kwenye sahani ya karatasi. Servant, kwa krimu ya buluu. Mtumishi, lile aliloliandika yeye, kwa mwandiko wake mzuri, nami nikalichoma.

"Haya, kula," Anselmi akasema. "Ndilo langu hilo."

Nikala, nimesimama, na yeye akinitazama mpaka herufi ya mwisho.